Roret kunanyesha, mbona chemchemi zinakauka?

Kila Januari jua linapochoma, swali linaloletwa kwenye safu hii ni lile lile, liwe limetoka Roret, Litein au Kapkatet: mvua huku kwetu hainyeshi kwa kubembelezwa, sasa mbona chemchemi aliyokuwa akiteka bibi imebaki tope? Wengine hawaulizi, wanakuja na jibu tayari. Chai imefyonza maji. Waliojenga barabara walikata mshipa wa maji. Maji yamehama kwa sababu watu waligombana kisimani. Hilo la mwisho angalau halimgharimu mtu pesa.

La chai tulimalize mapema, maana lilipimwa hapa hapa Kericho kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa EAAFRO, shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, wakiongozwa na Charles Pereira walichagua mabonde mawili katika msitu wa Mau Kusini Magharibi. Lagan waliliacha na msitu wake. Sambret lilifyekwa kama nusu hivi, likapandwa chai. Wakapima mvua, wakapima mito, na kazi hiyo ikaendelea hadi miaka ya 1970. Chai iliyokomaa ilitumia maji sawa na msitu, au pungufu kidogo. Mto wa Sambret haukukauka. Lakini mwenye chai asishangilie bado. Shamba lile lilichimbiwa mitaro ya kukinga mmomonyoko, na mianzi ya sehemu ya juu ya bonde iliachwa isimame. Jaribio lile lilisafisha jina la mchai. Halikusafisha jina la kila shamba la chai.

Kosa letu ni kutazama maji yanayotoka tu na kusahau yanavyoingia. Mwaka 2018 Suzanne Jacobs na wenzake walichapisha utafiti walioufanya katika mito ya Mau, kwenye vijito vinavyopita msitu wa asili, mashamba madogo ya wakulima na mashamba makubwa ya chai. Walichota sampuli kila wiki kwa wiki 75. Kila mvua huja na alama yake, yaani kiwango fulani cha hidrojeni nzito na oksijeni nzito, na alama hiyo hubadilika kutoka mvua moja hadi nyingine. Kama kijito kingekuwa mvua ya juzi inayoteremka tu, alama yake ingepanda na kushuka pamoja na mvua. Haikufanya hivyo. Ilikaa karibu pale pale, dalili kwamba mvua nyingi za nyakati tofauti zilikuwa zimeshachanganyika chini ya udongo. Maji yenye umri usiozidi miezi miwili au mitatu yalikuwa kati ya asilimia 13 na 15 tu. Yaliyobaki ni ya zamani zaidi. Makadirio yao yalifika hadi miaka minne, ingawa wenyewe walionya kwamba hesabu hiyo ya miaka si ya kuaminiwa sana. Iwe msituni, kwenye mahindi au kwenye chai, sehemu kubwa ya maji ya kijito ilikuwa imepitia ardhini.

Kwa hiyo chemchemi iliyokauka mwaka huu huenda inalalamikia mambo yaliyofanywa misimu kadhaa iliyopita. Ndiyo maana mvua kubwa ya wiki mbili haiifufui, na ndiyo maana mtu hukata miti leo, akaona maji bado yanatoka, akasema wataalamu ni waongo.

Sasa shuka kwenye chemchemi moja ya bondeni nje ya Roret. Bomba la plastiki limechomekwa kwenye saruji, na maji yanatoka membamba hivi kwamba kabla mtungi wa lita 20 haujajaa, walio kwenye foleni wamemaliza habari za kijiji kizima. Mikaratusi imesimama hatua chache juu yake. Kando kuna kijia cha ng'ombe kinachoteremka katikati ya chai, udongo wake mwekundu umekanyagwa hadi unang'aa. Mikaratusi ndiyo inayotukanwa siku zote. Kijia hakitajwi na mtu.

Udongo mwekundu wa nyanda hizi una kina cha mita kadhaa, na ukiachwa kama ulivyo hunywa maji kwa kasi ya ajabu. Siri yake ni matundu: njia za mchwa na minyoo, na mirija iliyoachwa na mizizi iliyokufa na kuoza. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hesabu yake inapendeza. Tundu likipungua upana kwa nusu, maji yanayopita humo hayapungui kwa nusu. Yanapungua mara 16, msukumo ukiwa ule ule, kwa kuwa mtiririko hufuata kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Chukua tundu moja pana, ligawe kuwa manne yenye upana wa nusu. Nafasi yote ni ile ile, hakuna udongo ulioongezwa wala kuondolewa, lakini maji yanayopita yamebaki robo. Na kwato zinapokanyaga, matundu yanayofungwa kwanza ni yale mapana. Udongo unaweza kuonekana mzima machoni na kumbe umepoteza karibu uwezo wake wote wa kunywa mvua kali ya alasiri. Vipimo vilivyochukuliwa katika Mau hiyo hiyo na kuchapishwa 2018 vilionyesha hivyo: msitu ulipogeuzwa kuwa malisho na mashamba, kasi ya udongo kupokea maji ilishuka. Mvua isiyoingia huteremka na udongo wetu hadi mto Sondu, halafu Ziwa Viktoria. Mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu inapelekewa tope, na sisi tunabaki na mitungi.

Serikali haijalala, lakini nadhani inatazama upande mmoja. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuchimba kisima kirefu, pamoja na ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini. Kwa Nairobi hilo ni la lazima kabisa. Huko eneo la hifadhi ya maji ya ardhini lilitangazwa tangu 1953, na bado utafiti wa 2020 ulikuta uvutaji umeongezeka mara 10 tangu miaka ya 1970, na maji yakishuka kama mita 6 kila miaka 10. Ugonjwa wa Nairobi ni kuvuta kupita kiasi. Wa vilima vyetu, kwa sehemu kubwa, ni kutopokea, na kibali hakitibu hilo.

Kwa upande wa kupokea tumepewa sherehe za miti. Desemba 2022 Rais Ruto alizindua mpango wa miti bilioni 15 hadi 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikawa sikukuu ya taifa ya kupanda miti. Vizuri, lakini mti gani, na wapi? Mwaka 2009 John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Bado imejaa mabondeni, na sababu inajulikana. Viwanda vyetu vya chai hukausha majani kwa boila za kuni, na kuni hizo ni mikaratusi. Mkulima anayeambiwa aing'oe ana mnunuzi anayeisubiri ikue.

Chemchemi zikibaki bila tiba, ndipo anapoingia mtafuta maji mwenye kijiti cha panda. Anatembea shambani, kijiti kinainama, anataja futi, anapokea noti zake na kuondoka kabla ya jembe la kwanza. Ujerumani, mwaka 1987 na 1988, watu wa aina yake wapatao 500 walijaribiwa karibu na Munich, wakachujwa hadi 43 hodari. Waliwekwa ghorofa ya juu ya ghala. Chini kulikuwa na bomba la maji lililosogezwa huku na huku, waseme liko wapi. Wengi walishindwa waziwazi. Hata wale wachache waliosifiwa, Jim Enright alipochambua upya takwimu zao 1999, hawakuzidi wanaobahatisha. Kama wa kwenu "hajawahi kukosa", ni kwa sababu kwenye bonde la udongo mwekundu utapata maji hata ukiongozwa na mbuzi.

Na anayekwambia uchimbe chini zaidi kwa kuwa maji ya huko ni safi, mwulize kuhusu floraidi. Miamba yetu ni ya volkano, na katika miamba ya aina hiyo maji yanaweza kubeba floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya watoto wa Nakuru yanatokana na hiyo. Kuchemsha hakuiondoi. Peleka maji maabara kabla ya kuyanywa.

Mengine ni mafupi. Ng'ombe wanyweshwe mbali na chemchemi, na kijia chao kikatwe kwa mitaro midogo ya kukinga maji. Kwenye kingo rudisheni miti ya asili, lamaiywet na mogoiywet. Vuneni maji ya paa: mabati ya mita za mraba 60, kwa mvua ya milimita 1,500, hupokea lita 90,000 kwa mwaka, na hata ukipoteza moja ya tano ni maji mengi. Ya kwanza baada ya kiangazi yamwage. Chemchemi ikikauka mkahamia mtoni, chemsheni, maana homa ya matumbo haiangalii tabaka.

Msomaji mmoja wa Kapkatet analalamika kwamba alikata mikaratusi yote juu ya chemchemi yake mwaka jana na maji hayajarudi. Anauliza kama alidanganywa. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, kijito kilikauka kabisa mwaka wa tisa baada ya mikaratusi kupandwa. Ilipofikisha miaka 16 ikakatwa yote, na kijito kikachukua miaka mitano zaidi kurudi kutiririka mwaka mzima, kwa sababu mizizi ilikuwa imekausha udongo wa chini na ule ulipaswa kujaa kwanza. Asubiri, na akague visiki: vikichipua, hesabu inaanza upya.