Koa Wenye Gamba: Jina na Utambuzi

Katika Kiswahili, koa hutofautishwa na konokono kwa kukosa gamba. Pwani za tropiki kigezo hicho hakitoshi, kwani wapo koa wa baharini wenye gamba, mathalani *Bulla ampulla* wa Bahari ya Hindi. Gamba lake ni la mviringo. Kilele kimedidimia na kuacha kitundu, na mdomo umeenea urefu wa gamba zima. Kauri naye ana mdomo mrefu, ila ni mwembamba na una meno pande zote mbili. Konokono-koni, kinyume chake, huonyesha mizunguko ya kilele kwenye ncha pana. Tofauti hizi si za kiistilahi tu: sumu ya *Conus geographus* imewahi kuua watu. Kwa hiyo, gamba lisilotambuliwa lisiokotwe kwa mkono.