Namba Kubwa Iliyomshinda Fermat

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, alikuwa na dai moja zuri. Chukua 2, ipandishe kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kipeo kikiongezeka maradufu kila hatua, kisha jumlisha 1. Aliamini kila jibu litakuwa namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Tano za mwanzo zilimkubalia: 3, 5, 17, 257 na 65537. Ya sita ni 4294967297.

Hapo ndipo kazi ilipo. Kwa njia ya kawaida, namba hiyo ungeigawa kwa namba tasa zote zilizo chini ya kipeuo chake cha pili, nazo ni 6542. Dai likasimama zaidi ya miaka 90, mpaka Leonhard Euler alipoonyesha mwaka 1732 kwamba 641 inaigawa bila baki.

Wengi husimulia habari hii kana kwamba Euler alikuwa hodari wa kugawa tu. Mimi naona uhodari wake zaidi katika kanuni aliyoithibitisha: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Kanuni hiyo inafagia karibu kila kitu. Hadi kufika 641, namba tasa ni 116, lakini zinazotimiza sharti ni tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641 yenyewe.

Tena huhitaji hata kugawa ili kuamini. Angalia 641 kwa sura mbili. Kwanza, ni 5 mara 128, ongeza 1. Kwa hiyo, katika hesabu ya mabaki ya 641, 5 mara 2 kwa kipeo cha 7 ni sawa na −1. Pandisha pande zote kwa kipeo cha 4: 625 mara 2 kwa kipeo cha 28 ni sawa na 1. Pili, 641 ni 625 ongeza 16, basi 625 ni sawa na −16, yaani hasi ya 2 kwa kipeo cha 4. Iweke mahali pake: hasi ya 2 kwa kipeo cha 32 ni sawa na 1. Jumlisha 2 kwa kipeo cha 32 pande zote mbili, na 4294967297 inabakiza sifuri. Mistari michache, na namba ya tarakimu kumi imefunguka! Kigawo chake kingine, 6700417, ni tasa.

Tangu hapo haijapatikana namba tasa nyingine ya Fermat baada ya 65537. Kuanzia ya sita hadi ya 33 zote zimethibitishwa kuwa zinagawanyika. Ya 34, yenye tarakimu zaidi ya bilioni 2.5, bado haijaamuliwa.