Neno la Kigeni Likitamkwa, Nani Asahihishe?

Wapo watu ambao hawawezi kusikia neno la kigeni likitamkwa vingine wakanyamaza. Msemaji hajamaliza sentensi, wao wameshamkatiza: si hivyo, ni hivi. Wanaamini wanamfanyia wema, na pengine nia yao ni njema kweli. Lakini nikiyapima maneno yenyewe kwa mizani ya isimu, naona mara nyingi anayesahihisha ndiye anayekosea. Analipima neno kwa lugha lilikotoka, ilhali linazungumzwa ndani ya lugha nyingine yenye sauti na kanuni zake. Kabla ya kuuliza namna ya kumsahihisha mtu kwa adabu, inafaa kuuliza kwanza neno lenyewe sasa ni mali ya nani.

Tazama tulivyofanya na Kiarabu. Maneno yaliyotupa dhahabu, dharura na adhuhuri yana sauti tatu mbalimbali huko kwao. Kiswahili kimezikusanya zote katika dh moja, na maisha yanaendelea. Neno qalb, yaani moyo, huanza kwa q inayotamkwa nyuma kabisa ya kinywa, karibu na kidaka tonge. Mwarabu akiisikia k ya kawaida mahali pale, husikia mbwa. Kiswahili hakina q hiyo, kwa hiyo washairi wetu huandika kalbi wakimaanisha moyo, na sidhani yupo mpenzi wa taarabu aliyewahi kudhani anaimbiwa mbwa. Kitab nalo tulilipokea, tukaiona ki- ya mwanzoni kuwa ni kiambishi chetu, tukapata vitabu, wingi ambao Mwarabu haujui kabisa. Tahajia sanifu ikaandika habari na heri bila kh, ingawa sabalkheri imebaki na kh yake. Huu ndio utohozi, na hakuna lugha isiyoufanya. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare na kuichapisha mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, hakuandika Venezia kama wasemavyo Waitaliano. Shakespeare mwenyewe hakuandika hivyo, kwa sababu Waingereza walikuwa wameshaligeuza jina hilo zamani. Anayemkosoa Mswahili kwa kusema baiskeli au benki kwa matamshi ya Kiswahili hana hoja kwa kipimo chochote cha lugha.

Sikio nalo lina mipaka yake. Mtoto hujifunza mapema sauti zipi katika lugha ya nyumbani hutofautisha maana, na zile zisizotofautisha huzizoea kana kwamba ni moja. Kikuyu, kwa mfano, hakitofautishi r na l, ndiyo maana baadhi ya wasemaji wake huzibadilishana wazungumzapo Kiingereza au Kiswahili. Mtu huyo si mvivu wala si mjinga. Anasikia kwa sikio alilolelewa nalo. Hata hivyo Kenya imemtungia kitenzi, kushrabu, na anayeshrabu huchekwa darasani, bungeni na mitandaoni. Kicheko hicho hakihusu usahihi. Watu haohao hawamcheki Mfaransa anayezungumza Kiingereza kwa lafudhi ya Paris. Wengine hata huiona tamu. Kinachochekwa ni asili ya mtu, na desturi hiyo ni ya kale. Katika Biblia, kitabu cha Waamuzi sura ya 12, Wagileadi walivishika vivuko vya Yordani na kumwamuru kila mpitaji atamke Shibolethi. Waefraimu, ambao sauti hiyo iliwashinda, walisema Sibolethi, wakauawa. Kitabu kinataja watu 42,000. Leo kivukoni hapauawi mtu, lakini anayekatizwa mbele ya wenzake kwa sababu ya r yake anaelewa vizuri kwamba ametambuliwa atokako.

Jina la mtu, au la watu, ni jambo jingine. Hilo lina mwenyewe aliye hai, na ana haki ya kusema anaitwaje. Waingereza wa enzi za ukoloni waliitamka Kenya kwa irabu ndefu, Kiinya. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 matamshi ya wenyeji ndiyo yaliyoshika, na leo watangazaji wa London husema Kenya bila taabu. Vivyo hivyo bwana Ng'ang'a akimwambia mgeni jinsi jina lake linavyotamkwa, huo si ukali. Mgeni akijaribu ng' ikamshinda, amekwisha kutimiza heshima; akikataa hata kujaribu, hapo ndipo anapokosa adabu.

Kuna pingamizi moja zito: tukinyamaza, si tunamwacha mtu akaumbuke kwingine, pengine kwenye usaili wa kazi? Kweli, na ndiyo maana sisemi tunyamaze. Njia ya kiungwana inafahamika: unalitumia neno lilelile kwa matamshi yake katika sentensi yako mwenyewe, mazungumzo yanaendelea. Wapo wanaoidharau njia hii wakisema haisikiki, na wana ushahidi. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha uchunguzi wa madarasa ya Kanada ambamo watoto walisoma kwa Kifaransa. Walimu waliitumia njia hii kuliko nyingine yoyote, lakini ndiyo iliyoitikiwa kwa uchache zaidi na wanafunzi. Hata hivyo mwaka 2000 watafiti Mackey, Gass na McDonough walionyesha kwamba wanafunzi hutambua vizuri zaidi wanaposahihishwa matamshi kuliko wanaposahihishwa sarufi. Kwa matamshi, basi, upole una nafasi nzuri ya kusikika. Usiposikika, mvute mtu kando umwambie faraghani.

Kusahihisha hadharani nako kuna nafasi yake. Madrasani ustadhi humkatiza mwanafunzi wa tajwidi, yaani usomaji sahihi wa Kurani, katikati ya aya, tena mbele ya darasa zima, na hakuna anayetahayari, kwa kuwa kila aliyeketi pale amekuja kwa ajili hiyo. Wodini muuguzi akisikia hidralazini, dawa ya shinikizo la damu, ikitajwa kwa namna inayoweza kudhaniwa hidroksizini, dawa ya mzio, asingoje faragha. Shirika la Afya Duniani liliionya dunia mwaka 2007 kuhusu majina ya dawa yanayofanana kwa sauti. Palipo na hatari, haya huwekwa kando.

Mwingine atasema msimamo huu utaharibu Kiswahili sanifu. Sioni vipi. Anayesema samani akikusudia thamani amechanganya maneno mawili ya Kiswahili, moja la vyombo vya nyumbani na jingine la bei na ubora, na mwalimu wa Kiswahili ana wajibu wa kumrekebisha. Lakini atamrekebisha kwa kanuni ya Kiswahili. Kiarabu hakina kauli hapo.

Wanaohitaji kulisikia hili zaidi ni watangazaji, kwa sababu wanayotamka huigwa na wengi. Maneno ya kawaida wayatamke Kiswahili bila woga. Kwa majina ya watu, wampigie mgeni simu kabla ya kipindi, wamuulize.