Bustani ya Nyumbani: Viungo Chini, Okidi Juu

Muhula mmoja nilimwuliza mwanafunzi wa mwaka wa pili maana ya neno "kotimiri". Alijibu sawasawa na kamusi. Nilipomwonyesha jani lenyewe, akasema, "Mwalimu, hiyo si dania?" Alijua majina mawili bila kujua kwamba ni kitu kimoja. Hapo ndipo nilipoamua kuanzisha bustani nyumbani kwangu, hapa Kampala.

Bustani ya viungo haihitaji shamba. Kipande cha hatua mbili kwa tatu karibu na mlango wa jiko kinatosha, mradi kipate jua la kutosha. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Asiye na ardhi atumie ndoo kuukuu zilizotobolewa chini.

Anza na mimea minne, mvua zinapoanza mwezi Machi au Septemba. Mchaichai hupandwa kwa chipukizi lenye mizizi, mwombe jirani. Kotimiri husiwa papo hapo, kwa kuwa haipendi kuhamishwa. Mnanaa uupe chombo chake peke yake, maana hutambaa na kuvamia wenzake. Mujaaja, jamaa ya mrehani ambao Waganda huutia kwenye chai, uukate ncha kabla haujachanua ili uzidi kuchipua.

Okidi ni habari nyingine. Ya kwanza niliipanda udongoni na kuimwagilia asubuhi na jioni, ikaoza. Sikujua kwamba okidi nyingi za nchi za joto hukaa juu ya miti, bila kuunyonya mti wenyewe. Mizizi yake ina ngozi kama sifongo, hufyonza maji ya mvua kisha huhitaji hewa. Kwa hiyo iweke katika kikapu cha waya chenye vipande vya magome na mkaa, uitundike barazani au chini ya mwembe, penye kivuli chepesi. Mizizi ikiwa ya kijani, subiri. Ikigeuka nyeupe, mwagilia.

Tafadhali, usiing'oe msituni. Mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi, na porini haziwezi kuota bila msaada wa kuvu maalumu; ukiondoa moja, huenda isipate mrithi. Ndiyo maana biashara ya kimataifa ya okidi hudhibitiwa kwa mkataba wa CITES. Nunua iliyooteshwa kitaluni.

Na vanila inayolimwa Mukono? Hiyo nayo ni okidi, tena ni kiungo. Wanafunzi wangu hushangaa wakisikia hivyo. Siku hizi somo la majina ya mimea tunalifanyia bustanini: kila mmoja huchuma jani, hulinusa, hulitaja kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya nyumbani kwao. Neno lililonuswa halisahauliki upesi. Nawe jaribu, walau kwa ndoo moja.