Maji Yenye Floraidi: Chagua Chujio Lifaalo



Maji yenye tope unayajua kwa macho. Maji yaliyooza unayajua kwa pua. Lakini kuna kitu kingine ndani ya maji ambacho jicho halikioni na pua hainusi. Kitu hicho ni madini ya floraidi.

Floraidi hutoka kwenye miamba, hasa miamba ya volkano. Maji yakipita katika miamba hiyo huchukua madini yake. Ndiyo maana maji ya sehemu nyingi zinazozunguka Mlima Meru, mkoani Arusha, yana floraidi nyingi. Eneo la Maji ya Chai linajulikana sana kwa jambo hili. Sehemu za mikoa ya Kilimanjaro, Manyara, Singida, Shinyanga na Mara nazo zina maji ya namna hiyo. Lakini si visima vyote. Kisima kimoja huweza kuwa na floraidi nyingi, na kisima cha jirani kikawa na floraidi kidogo.

MADHARA YAKE

Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi hudhuru. Mwaka 1984 Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Maji ya kunywa yasizidi hapo.

Wanaodhurika kwanza ni watoto. Meno ya kudumu ya mtoto huundwa ndani ya ufizi tangu akiwa mchanga mpaka afikapo miaka 8 hivi. Akinywa floraidi nyingi katika miaka hiyo, meno yatatoka na madoa ya kahawia. Madoa hayo si uchafu. Mswaki hauyatoi.

Mtu akinywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika. Viungo huuma. Mgongo hukakamaa. Miguu ya watoto huweza kupinda. Kazi yangu ni kilimo, nami nakuambia hivi: mkulima asiyeweza kuinama hawezi kupalilia.

KUCHEMSHA HAKUTOSHI

Tumefundishwa kuchemsha maji, na tumefundishwa vyema. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, kuhara na homa ya matumbo. Lakini floraidi si kijidudu. Haifi. Maji yakichemka, mvuke hutoka na floraidi hubaki sufuriani.

Dawa ya klorini huua vijidudu, lakini haiondoi floraidi. Kitambaa, mchanga na chujio la udongo wa kuchoma huzuia uchafu, lakini floraidi hupita.

Je, tuache kuchemsha? Hapana. Tuna maadui wawili ndani ya maji, na kila adui ana silaha yake.

PIMA KWANZA

Usinunue chujio kabla ya kujua maji yenu yana nini. Nenda kwenye chombo cha watumia maji cha kijiji chenu, au ofisi ya RUWASA ya wilaya. Uliza: “Maji ya kisima chetu yana miligramu ngapi za floraidi katika lita moja?” Jibu liandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, kila mtu alisome.

Kama jibu ni chini ya 1.5, huna haja ya chujio la floraidi. Fedha zako ziweke kwa kazi nyingine. Endelea kuchemsha.

NJIA TATU ZIFAAZO

Njia ya kwanza ni chujio la mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa moto mkali usiopata hewa nyingi, kisha husagwa chengachenga na kutiwa ndani ya ndoo. Mkaa huo hushika floraidi. Kituo cha Serikali cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya utafiti wa njia hii kwa miaka mingi. Chujio hili halihitaji umeme. Lakini mifupa ichomwe na wanaojua. Ikichomwa kidogo, maji hunuka. Ikichomwa mno mpaka ikawa myeupe, nguvu hupungua. Tena mkaa huchoka. Ukichoka, maji bado hutoka masafi machoni, lakini floraidi imo. Lazima ubadilishwe.

Njia ya pili ni mashine ndogo ya kuweka mezani, ambayo wauzaji huiita RO. Pampu husukuma maji yapite kwenye utando wenye matundu madogo sana. Maji hupita, na sehemu kubwa ya chumvi na floraidi huzuiwa. Mashine hii ni nzuri, lakini ina masharti. Nyingi huhitaji umeme. Utando wake hubadilishwa. Tena haitoi maji yote uliyotia, maana sehemu hutoka kando kama maji ya kumwaga. Hayo yana floraidi nyingi kuliko maji ya mwanzo. Yatumie kusafishia nyumba. Usiyanywe, usipikie, wala usinyweshe mifugo.

Njia ya tatu ni maji ya mvua. Mvua haijapita kwenye miamba. Tupige hesabu. Watu 6 wakitumia lita 3 kila mmoja kwa kunywa na kupikia, ni lita 18 kwa siku. Kwa siku 120 za kiangazi ni lita 2,160. Paa la bati lenye mita 6 kwa mita 5 lina mita za mraba 30. Milimita 1 ya mvua huleta lita 1 kwa kila mita ya mraba. Basi mvua ya milimita 100 huleta lita 3,000. Hata tano yake moja ikipotea, zinabaki lita 2,400. Zinatosha, kama una tangi la kuzihifadhi. Mvua ya kwanza iache ioshe paa. Tangi lifunikwe, na maji ya kunywa yachemshwe.

MUULIZE MUUZAJI

Ukienda dukani, usivutwe na maji yanayong'aa. Uliza maswali haya:

1. Chujio hili huondoa floraidi, au huondoa vijidudu tu?
2. Hutoa lita ngapi kwa siku?
3. Ni kitu gani hubadilishwa, baada ya muda gani, kwa bei gani, na kinapatikana wapi?
4. Linahitaji umeme?
5. Liko wapi jibu la maji yaliyopimwa baada ya kuchujwa?

Muuzaji akishindwa swali la kwanza, rudi nyumbani na fedha zako. Ukinunua, peleka maji uliyochuja yapimwe. Na kama fedha ni chache, maji yaliyochujwa yaanzie kwa watoto wadogo na kwenye sufuria ya chakula. Kuoga na kufua tumia maji ya kawaida.

Jambo la mwisho ni magadi. Magadi mengi yana floraidi. Ukichuja maji kisha ukatia magadi kwenye maharage, floraidi uliyoitoa mlangoni imerudi kwa dirishani. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kwa nini kuchemsha maji hakuondoi floraidi?
2. Maji ya kijiji chetu yamepimwa? Jibu liko wapi?
3. Katika njia tatu tulizosoma, ipi tunaimudu mwaka huu?