Pimamaji na Timazi: Siri ya Usahihi wa Wapima Ardhi

Fundi mwashi awekapo pimamaji juu ya safu ya mawe, huuliza swali moja tu: je, kiputo kimetulia katikati? Makala hii inakusudia kueleza jinsi kiputo hicho kilivyowawezesha wapima ardhi wa karne ya 20 kutambua tofauti ya kimo isiyotimia milimita moja, pasipo umeme wala kompyuta.

Kimsingi, pimamaji ya mpima ardhi ni darubini iliyofungamanishwa na kichupa chenye kimiminiko na kiputo. Kiputo kikitulia, mstari wa kuona huwa mlalo. Mpimaji husoma fito yenye vipimo iliyosimamishwa wima nyuma yake, kisha nyingine mbele; tofauti ya visomo hivyo ndiyo tofauti ya kimo.

Udhaifu ulikuwa katika jicho, kwani ni vigumu kukadiria katikati barabara. Heinrich Wild, mhandisi Mswisi aliyejiunga na kampuni ya Carl Zeiss mjini Jena mwaka 1908, alitumia miche ya kioo kuzileta ncha mbili za kiputo pamoja, nusu kwa nusu. Kiputo kikienda kando, nusu hizo hupishana. Kikitulia, huungana zikawa tao moja. Jicho hutambua kupishana kwa wepesi kuliko linavyokadiria katikati.

Mwaka 1921 Wild alishiriki kuanzisha karakana huko Heerbrugg, Uswisi, ilikotoka pimamaji mashuhuri ya N3. Ndani yake mna bamba la kioo lenye nyuso sambamba. Likiinamishwa, mstari wa kuona hupanda au kushuka bila kupoteza ulalo wake, na mikromita husoma badiliko hilo hadi sehemu ya kumi ya milimita. Fito nayo ilitiwa utepe wa invari, aloi ya chuma na nikeli isiyorefuka kwa joto ila kidogo mno. Mgunduzi wake, Charles Édouard Guillaume, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920.

Hata hivyo, chombo bora bila utaratibu ni bure. Kwa kuwa dunia ni mviringo, mstari mlalo wa mita 100 huishia takriban milimita 0.8 juu ya usawa wa kweli. Haba na haba hujaza kibaba. Makosa ya vituo vingi yakikusanyika huharibu kazi nzima. Dawa yake ni kukiweka chombo katikati ya fito mbili, ili kosa la nyuma na la mbele yafutane. Hatimaye mpimaji hurejea alikoanzia: hesabu isiporudi karibu na sufuri, hupima upya.

Mwaka 1950 kiwanda cha Zeiss cha Oberkochen, Ujerumani Magharibi, kilitoa Ni2, iliyojisawazisha kwa mche unaoning'inia. Kazi ya kiputo cha pimamaji sasa ikasaidiwa na kanuni ya timazi: kitu kining'iniacho huelekea chini daima.

Wapo wenzetu wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa uhandisi. Ilhali kanuni zote mbili zilizotawala vyombo hivi zimo katika mfuko wa fundi mwashi, na kila moja ina jina lake. Mwanaistilahi hana budi kuanzia huko kabla ya kukopa ng'ambo.