Nyumba ya Kupangisha Wakati Bei Imepanda

Baadhi ya vyama vya msingi vinakusudia kununua nyumba za kupangisha mjini, ilhali bei zimepanda kupita kodi ya pango. Makatibu na wafanye hesabu ambayo dalali hatawafanyia. Tuseme nyumba yauzwa shilingi milioni 100 na wapangaji hulipa laki 6 kwa mwezi, yaani milioni 7.2 kwa mwaka. Tukitoa matengenezo, ushuru na miezi isiyo na mpangaji, hubaki kama milioni 5. Chama kikikopa fedha zote kwa asilimia 15, riba pekee ni milioni 15. Pengo la milioni 10 litazibwa kwa akiba za wanachama. Kutumaini bei izidi kupanda si mapato: Marekani zilishuka tangu 2006 hadi 2012. Hesabu hiyo isomwe mbele ya mkutano mkuu kabla kamati haijatia saini.